Mwanafunzi wa Mombasa Azuru Kisumu na Kumtafuta Ngege

Watu wa Pwani na watu wa Ziwa wana ubishi wa siku nyingi juu ya samaki. Mtu wa Mombasa atakuambia kwamba samaki asiyetoka katika maji ya chumvi hana ladha, na kwamba kumla ni sawa na kula mboga iliyosahauliwa chumvi. Mtu wa Kisumu naye atajibu kwamba samaki wa bahari ni mkavu, na kama si nazi na bizari asingemezeka. Jambo la kuchekesha ni kwamba wengi wa wabishi hawa hawajapata kumwonja samaki wa upande wa pili, ila wanashika maneno ya wazee wao tu. Katika likizo ya Aprili 2022, mwanafunzi mmoja wa chuo huko Mombasa, kijana wa miaka 22, alikata shauri kwenda mwenyewe akaone na kula. Alikuwa na akiba ya shilingi 8,000 na siku tatu za kukaa. Mwenzake wa darasani, ambaye ni mwenyeji wa Kisumu, alikubali kumpokea nyumbani kwa mama yake.

Kutoka Nairobi angaliweza kwenda kwa gari la moshi, maana treni ya abiria ya Kisumu, iliyokuwa imekoma kwa muda wa miaka mingi, ilirudishwa Desemba 2021. Lakini wakati huo treni hiyo iliondoka Nairobi mara moja tu kwa juma, siku ya Ijumaa jioni, na mtu asafiriye usiku haoni nchi. Kwa hiyo alipanda basi la asubuhi. Safari ya kilomita 350 au karibu na hizo si fupi kwa mtu aliyebanwa dirishani na mizigo ya jirani, lakini macho yake hayakuchoka. Aliona Bonde la Ufa na Nakuru. Aliona mashamba ya chai ya Kericho yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Kisha barabara ikaanza kuteremka, joto likazidi, hata akajihisi anakaribia kwao. Huko chini ni nchi tambarare ya Kano. Upande wa kulia milima ya Nandi imesimama kama ukuta, na pande zote mbili za barabara, karibu na Ahero, kuna majaruba ya mpunga yanayonyweshwa kwa maji ya mto Nyando. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na wenyeji walikuwa wakiutazama mto ule kwa mashaka, kwa sababu kila mkulima wa Kano anajua kwamba mto unaompa mpunga ndio huo huo unaoweza kuingia nyumbani mwake usiku.

Alifika Kisumu jioni ya Ijumaa. Mama mwenyeji alimpokea mlangoni, naye kijana, kama alivyofundishwa kwao, akainama na kusema, "Shikamoo, Mama." Mama akasita kidogo, kwa kuwa salamu hiyo haitumiki sana upande ule, kisha akacheka na kumshika mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu, nyathina," akasema, yaani mwanangu, na tangu saa ile hakumwita kwa jina lingine. Chakula cha usiku ule kilikuwa omena, ambao ni dagaa wa ziwani, waliokaangwa na nyanya na vitunguu, pamoja na ugali wa mahindi uliochanganywa na mtama. Kulikuwa na mboga chungu iitwayo dek, ambayo watu wengine huiita akeyo, iliyopikwa kwa maziwa na kulazwa usiku kucha ili uchungu wake upungue. Kijana alitazama ugali ule mweusi kwa hofu kidogo. Alikula mara mbili.

Siku ya Jumamosi asubuhi wanafunzi hao wawili walikwenda kuutazama mji. Kisumu si mji wa kutembelewa kwa haraka, ingawa si mkubwa sana, kwa sababu vitu vyake vya kale havikupangwa mahali pamoja wala havikuandikiwa vibao vya kuwaita wageni. Katikati ya mji upo mnara wa saa ambao watu hupita chini yake kila siku bila kuusoma. Ulijengwa na wana wa Kassim Lakha kwa ukumbusho wa baba yao, mfanya biashara aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufariki Kampala mwaka 1910. Na Gavana Brooke-Popham aliufungua mwaka 1938. Kijana alipousoma alistaajabu kwamba mtu aliyeanza maisha yake ya biashara katika nchi za pwani amewekewa saa huku bara. Lakini katika mji huu hilo si jambo la ajabu. Jina lenyewe la Kisumu, kama wazee wanavyosimulia, latokana na neno la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana: watu wenye nafaka na watu wenye samaki walikutana hapa, na mwenye njaa alijua njia ya kufika. Soko lilitangulia bandari na reli.

Kisha walifika stesheni. Hapo kijana alisimama kwa muda mrefu kuliko mwenzake alivyotazamia. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo huu wa ziwa Desemba 1901, baada ya maili 580 hivi za kazi, na mahali hapa pakaitwa Port Florence kwa muda kabla ya jina la wenyeji kushinda. Meli ndogo iitwayo William Mackinnon ilikwisha kuletwa vipande vipande na kuungwa hapa hapa, ikateremshwa majini mwaka 1900, kabla ya reli yenyewe kufika. Haya yamo katika vitabu. Lakini kijana alikuwa na sababu nyingine ya kusimama: babu yake mzaa baba alikuwa karani wa mizigo katika stesheni hii katika miaka ya 1950, zamani za Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kisha akarudi Mombasa. Mzee huyo sasa ana umri wa karibu miaka 90 na hawezi tena kusafiri. Alipoagwa na mjukuu wake hakuomba zawadi ya nguo wala ya mkate wa sukari. Alisema tu, "Ukifika Kisumu, mtafute ngege. Usiniletee habari ya samaki mwingine."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Katika siku zake ngege ndiye aliyekuwa samaki wa biashara katika ghuba hii. Makasha yake yalipakiwa ndani ya mabehewa na kupelekwa Nairobi, na karani wa mizigo aliyajua kwa harufu kabla hajasoma hati zake.

Bandarini waliiona meli ya MV Uhuru, iliyoundwa katika miaka ya 1960 kwa kazi ya kuvusha mabehewa ya reli, ikalala bila kazi kwa miaka mingi, kisha ikatengenezwa na kurudi kazini mwaka 2019. Karibu na hapo, upande wa ufuoni, palikuwa na mabanda ya chakula yaliyojulikana katika nchi nzima kwa jina la Lwang'ni. Neno hilo kwa Kijaluo maana yake ni nzi. Pamoja na jina hilo baya, mawaziri na wapiga debe walikula pale meza moja, mikono ikiwa na mafuta mpaka kwenye kifundo. Baada ya 2018, bandari ilipokuwa ikitengenezwa upya, mabanda hayo yaliondolewa, na wapishi wake wakatawanyika. Ukiwauliza watu wa Kisumu juu ya jambo hili utapata majibu mawili: wengine watakuambia ufuo sasa ni safi, wengine watakuonyesha mahali walipokuwa wakila na kunyamaza.

Kwa hiyo waliokuja kula samaki siku hizi wengi huelekea Dunga, kijiji cha wavuvi kilichoko kusini ya mji. Wanafunzi walikwenda huko mchana kwa bodaboda. Njiani walichungulia hifadhi ndogo ya swala, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, lakini hawakuingia, kwa kuwa kijana alikuwa amekwisha kugawa fedha zake na swala hawakuwamo katika hesabu.

Dunga ilimpendeza kuliko mahali pengine pote. Mbele ya macho kuna maji yasiyo na mwisho, kama bahari, nayo ni ghuba tu. Na ziwa lenyewe, lenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, liko nyuma yake. Sehemu ya Kenya ni kama sita katika mia, na sehemu hiyo ndogo ndiyo inayobishaniwa na wavuvi kila mwaka. Kijana aliona mashua zenye tanga la pembetatu akadhani anaona jahazi dogo la kwao. Akauliza maji yatakupwa saa ngapi. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakatazamana, kisha wakacheka sana, maana ziwa halina kupwa wala kujaa kwa saa. Linapanda na kushuka kwa miaka. Mzee mmoja akamwonyesha ukuta wenye alama ya maji karibu kufika dirishani: hiyo ni alama ya mwaka 2020, ziwa lilipopanda kupita hata kipimo cha mwaka 1964, ambacho wazee walidhani hakitaonekana tena. Jambo lingine lililomshangaza ni jua. Kwao Mombasa jua hutoka baharini asubuhi; hapa linazama majini jioni, kana kwamba nchi imegeuzwa.

Alichovya kidole majini akakionja. Kweli hayakuwa na chumvi. Mwenzake akamvuta nyuma na kumwambia asizoee mchezo huo, wala asiingie majini kuosha miguu, kwa sababu ugonjwa wa kichocho unapatikana kandokando ya ziwa hili na vijidudu vyake hupenya katika ngozi bila mtu kujua. Onyo hili ni jema kwa kila mgeni.

Kando ya kijiji kuna kinamasi cha mafunjo, na ndani yake wanaishi ndege wadogo wasioonekana ila mahali penye mafunjo. Wageni kutoka Ulaya huja na darubini zao kuwatafuta. Kuna pia magugu maji, mmea wenye maua mazuri ya zambarau na tabia mbaya. Yalionekana ziwani karibu na mwaka 1990, na kufika 1998 yalikuwa yameifunika ghuba hii hata mashua hazikuweza kutoka. Vifukusi walioletwa kuyala waliyapunguza, lakini hayajakwisha. Upepo ukigeuka, asubuhi moja mvuvi huamka akakuta shamba la majani mahali alipoacha maji.

Basi wakaingia katika banda la chakula. Desturi ya pale ni kwamba mteja huchagua samaki kwanza, na bei hufuata ukubwa wake. Mwenye haya hulipa zaidi. Mwenzake alizungumza na mama wa jikoni kwa Kijaluo, akimwita Mama kila baada ya maneno matatu, na kila alipomwita hivyo bei ilishuka kidogo. Samaki hupasuliwa ubavuni kwa kisu ili mafuta yapenye, akakaangwa mpaka ngozi ikauke, kisha hurudishwa motoni katika mchuzi wa nyanya, vitunguu na dania. Huletwa mzima juu ya sahani pamoja na kichwa chake, na ugali wa moto unaotoa mvuke, na sukumawiki. Hakuna kijiko. Mtu huosha mikono, hukata tonge, huchambua nyama kuanzia mgongoni, na asiyejua kula hutambulika kwa jinsi anavyoogopa miiba. Kijana wa Pwani hakuogopa miiba. Aliuliza tu kama kuna ndimu, akapewa.

"Huyu ni samaki gani, Mama?" akauliza.

"Ni ngege," akajibu mama wa jikoni bila kugeuka.

Alifurahi sana. Alikula mpaka shavu la samaki, ambalo watu wa huko hulihesabu kuwa tamu kuliko yote, na jioni alimpigia babu yake simu kumwambia kwamba amri yake imetimizwa. Mzee akamwuliza swali moja: "Mkia wake ulikuwaje?" Kijana hakuutazama mkia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku kubwa ya soko la Kibuye. Mama mwenyeji alitoka na kikapu chake, na kijana akamfuata ili kumbebea. Soko hili ni la wazi, na siku ya Jumapili huenea mpaka barabarani: mitumba, majembe, mitungi, vyungu, kuku waliofungwa miguu, dawa za mizizi, na katikati ya yote harufu ya samaki. Hapo ndipo somo lake lilipoanza. Alisimama mbele ya meza yenye samaki wa rangi ya fedha akasema kwa furaha, "Ngege hawa!" Mama akamshika mkono. "Nyathina, hapa kila samaki mwenye umbo hili huitwa ngege. Jina limebaki. Mwenye jina ameondoka." Akamwinua mmoja na kumkunjulia mkia kama upepeo. Ulikuwa na mistari mingi iliyosimama, mmoja baada ya mwingine. "Mwenye mistari hii ni nyamami. Ngege mkia wake hauna mistari hii, na kichwa chake ni kidogo. Mimi nilimla nikiwa mtoto. Wanangu hawamjui."

Habari ya jambo hili ni ndefu, lakini inafaa kila mtu anayekula samaki wa Kisumu aijue. Zamani watu wa ufuoni walivua kwa migono na kwa nyua za mitoni. Karibu na mwaka 1905 zikaletwa nyavu za kutega, na ngege akavuliwa kwa wingi kuliko alivyoweza kuzaa. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Bwana Michael Graham, alilizunguka ziwa na kulichunguza. Alishauri kwamba tundu la wavu lisiwe dogo kupita inchi tano, ili wachanga wapate kuponyoka, na alionya juu ya kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maziwa mengine. Shauri la kwanza lilifanywa sheria katika miaka ya 1930. Lakini nyavu za nailoni zilipoingia katika miaka ya 1950, watu walitaka nyavu za tundu dogo, na sheria ile ikalegezwa. Shauri la pili halikufuatwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 mbuta aliletwa na kutiwa ziwani, na katika miaka hiyo hiyo akaletwa nyamami, ambaye ni jamaa wa ngege lakini ana nguvu zaidi: yeye hula karibu kila kitu, hali ngege hutegemea vijimea vidogo vya majini, na huzaana naye mpaka damu ikachanganyika.

Kwa miaka ishirini mbuta hakusikika sana. Halafu katika miaka ya 1980 akajaa ghafula. Samaki wadogo waitwao fulu, waliokuwa wa aina mamia na ambao kila nyumba ya maskini iliwakausha juani, walitoweka kwa wingi katika muda wa miaka michache. Wataalamu wa dunia wanalihesabu jambo hili miongoni mwa hasara kubwa za viumbe zilizopata kuonekana katika wakati wetu. Hata hivyo si haki kumtukana mbuta peke yake. Alileta viwanda, barafu, barabara na mishahara, na watoto wengi wa ufuoni wamesomeshwa kwa minofu yake. Mbuta mmoja aweza kufikia kilo 200. Lakini minofu hiyo hupanda ndege kwenda Ulaya, na kinachobaki Kisumu ni kichwa na mifupa. Katika mtaa wa Obunga kuna akina mama wanaonunua mifupa hiyo kutoka viwandani, huikausha, huikaanga katika mapipa ya mafuta na kuiuza. Watu wameipa jina la mgongo wazi, na jina hilo halihitaji kufafanuliwa. Kijana alipelekwa huko mchana akanunua kipande. Nyama iliyobaki karibu na shingo ilikuwa tamu. Alifikiri juu ya mtu wa mji fulani wa Ulaya ambaye saa ile ile huenda alikuwa akila upande wa pili wa samaki yule yule, kwa uma na kisu, bila kujua jina la Obunga.

Na hao nyamami wa sokoni, wote walitoka ziwani? Mama alicheka tena. Wengine walivuliwa; wengine walilishwa ndani ya vizimba vya nyavu vinavyoelea majini, kazi ambayo imeenea sana katika miaka ya hivi karibuni pande za Siaya na Homa Bay; na wengine, waliogandishwa ndani ya maboksi, walisafiri kutoka China. Kijana akauliza inawezekanaje samaki wa China kuuzwa katika mji ulio juu ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika. "Ni rahisi kwa bei," akajibu Mama, akaendelea kuchagua nyanya.

Alasiri walizuru jumba la makumbusho, lililofunguliwa 1980. Simba wa kukaushwa anayemrukia nyumbu ni kitu cha kutazamwa, na boma la Kijaluo lililojengwa uani, lenye nyumba ya mke wa kwanza mahali pake pa heshima, linafundisha zaidi ya maneno. Kijana alikwenda moja kwa moja kwenye matangi ya samaki na kutazama mikia yao.

Mwenzake alikuwa amepanga kumpeleka Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya Seme yaliyopandana kama vile yamewekwa na mkono. Kijana aliomba radhi. Alikuwa amesikia sokoni kwamba ngege wa kweli bado yuko katika ziwa dogo la Kanyaboli, huko Siaya, na fedha zake zilitosha safari moja tu.

Jumatatu alfajiri walipanda matatu. Walipita Maseno, ambako mstari wa ikweta hukata barabara na ambako shule ya misheni iliyoanzishwa 1906 imewatoa wakubwa wengi. Wakashuka Siaya, wakachukua bodaboda katika njia ya matope. Ziwa Kanyaboli ni dogo, kama kilomita za mraba 10, nalo limezungukwa na kinamasi cha Yala. Mafunjo yake ni marefu kuliko mtu, na ndani yake kuna swala wa majini aitwaye nzohe, lakini mgeni ana bahati akimwona. Mafunjo hayo ndiyo yaliyomwokoa ngege. Mbuta anahitaji maji yenye hewa ya kutosha, na maji ya kinamasi hayana. Kwa hiyo mafunjo yalikuwa kama ukuta wa mji, na adui akabaki nje.

Ukuta huo lakini una nyufa. Sehemu ya kinamasi ilikaushwa kwa ajili ya kilimo tangu miaka ya 1960, na tena wageni wenye mitaji walikuja baadaye kulima mpunga. Watu wanataka mashamba, wala hilo si kosa, kwa kuwa mtoto hali mafunjo. Tena nyamami amekwisha kuingia katika Kanyaboli pia. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akitoa samaki katika mtumbwi wake, alieleza mambo haya bila kupandisha sauti. Akatenga samaki wake mafungu mawili juu ya majani. Kijana aliinama, akakunjua mkia mmoja mmoja. Fungu la kulia lilikuwa na mistari. Fungu la kushoto, lililokuwa dogo, halikuwa nayo.

"Hawa wadogo ndio ngege, Mzee?"

"Ndio hao. Ziwa ni dogo, nao ni wadogo. Zamani katika ziwa kubwa alikuwa hivi," akaonyesha kwa mkono kutoka ncha za vidole hadi kupita kiganja sana. "Wengine hapa siwezi tena kukuambia ni wa fungu gani. Wamechanganyika."

Mama mmoja wa pale ufuoni aliwapikia wawili kwa maji, nyanya na chumvi tu, pasipo mafuta. Kijana alikula polepole. Nyama ilikuwa laini na nyeupe, yenye utamu usiopiga kelele, na miiba yake ilikuwa mingi kwa mwili mdogo kama ule. Mwenzake alimwuliza kama yampita nyamami wa Dunga. Kijana alifikiri, akasema kwamba akifumbwa macho huenda asingewatofautisha, ila mchuzi wa huyu hakutaka ubaki. Juu ya ubishi wa bahari na ziwa hakutoa hukumu. Alisema angependa kumwona ngege ndani ya tui la nazi, na mama yule, alipotafsiriwa maneno hayo, alionekana kumwonea huruma.

Aliagana na mzee kwa neno alilofundishwa, "Erokamano," akanunua ngege wanne waliokaushwa kwa moshi, wakafungwa kwa majani makavu ya mgomba na karatasi. Kila mmoja aliukagua mkia wake kabla ya kulipa.

Usiku ule, kwenye kituo cha mabasi cha Kisumu, kondakta aliunusa mfuko wake na kuuliza una kitu gani ndani. Kijana akajibu kwamba ni ngege, anampelekea babu yake Mombasa. "Ngege!" akasema kondakta, naye alikuwa mtu wa makamo. "Wale wa kweli walikwisha zamani, kijana. Umeuziwa nyamami." Akauchukua mfuko ule, akautia katika sehemu ya mizigo, mbali na nguo za watu, akafunga mlango.